Moli iliwasumbua wakemia miaka 50. Wewe umepewa muhula mmoja

John Dalton, yule jamaa wa atomu ambaye jina lake liko kwenye kila kitabu cha kemia, angekalia mtihani wa KCSE leo, swali rahisi kuliko yote lingemwangusha. Andika fomula ya maji. Angeandika HO. Si H₂O. HO tu, atomu moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni. Na hangekuwa anabahatisha. Aliichapisha hivyo kwenye kitabu chake cha 1808, kitabu kilekile kilichotupa kemia ya atomu tunayosoma mpaka leo.

Naleta hii stori kwa sababu kuna aina moja ya swali la kidato cha tatu ambayo imefanya wasee wengi waamue kemia si ya watu kama wao. Unaijua. Gesi fulani yenye uzito wa gramu 0.44 inajaza sentimita za ujazo 240 kwenye joto la kawaida la chumba. Tafuta uzito wa moli moja ya hiyo gesi. Ubaoni inaisha kwa dakika moja. Moli moja ya gesi yoyote inajaza sentimita za ujazo 24,000, kwa hivyo 240 gawanya kwa 24,000 ni moli 0.01. Halafu uzito gawanya kwa moli: 0.44 gawanya kwa 0.01 ni 44. Gramu 44 kwa moli. Swali linalofuata. Darasa zima limeandika 44, na ukiuliza hiyo 44 ni 44 ya nini, kimya.

(Watu wa fizikia mtanisamehe, nitasema "uzito" mahali nyinyi mngetaka "masi". Tuko pamoja.)

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, kugawanya tu. Kinachouma ni maswali yaliyojificha nyuma yake. Nani alipima atomu? Kwa nini gesi yoyote, iwe nzito iwe nyepesi, ichukue nafasi ileile? Na hizo namba za kwenye jedwali la elementi, 1, 12, 16, zilitoka wapi? Msee akiuliza hivyo darasani mara nyingi anaambiwa ashike fomula, mtihani hauulizi hayo. Mimi naona huyo aliyeuliza yuko mbele ya wale walionyamaza, kwa sababu hayo ndiyo maswali yaliyowapiga chenga wakemia wakubwa wa Ulaya kuanzia 1808 hadi 1860.

Tuanze na Dalton mwenyewe. Alizaliwa 1766 kijijini kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa mfumaji, familia ya Quaker, dhehebu lilelile la Friends lenye wafuasi wengi huko Vihiga na Kakamega. Akiwa na miaka 12 hivi alikuwa tayari anafundisha shule. Baadaye akahamia Manchester, na huko ndiko alikotoa wazo ambalo leo tunaliona la kawaida: kila elementi ina atomu zake, na atomu za elementi moja zote zina uzito mmoja. Huwezi kuweka atomu moja kwenye mizani, lakini unaweza kulinganisha. Hidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote. Iite 1, halafu uliza zile zingine ni nzito mara ngapi.

Mtego ulikuwa hapo. Ukiyavunja maji na kupima vipande vyake, mizani itakuambia kwamba kwa kila gramu 1 ya hidrojeni kuna karibu gramu 8 za oksijeni. (Vipimo vya enzi ya Dalton havikuwa safi. Alianza na 5.5, na kwenye kitabu cha 1808 akawa amefika 7. Wacha tutumie 8 ya leo.) Sasa atomu moja ya oksijeni ina uzito gani? Kama maji ni HO, jibu ni 8. Kama ni H₂O, atomu mbili za hidrojeni zina uzito wa 2, kwa hivyo oksijeni ni 16. Na kama ni HO₂, ile 8 inagawanywa kwa oksijeni mbili, kila moja 4. Mizani ni moja, kipimo ni kimoja, majibu ni matatu. Ili ujue uzito wa atomu lazima kwanza ujue fomula. Ili ujue fomula lazima kwanza ujue uzito wa atomu. Unazunguka tu kama matatu inayotafuta abiria mjini.

Dalton alitokaje hapo? Alikata shauri. Akasema kama elementi mbili zina kampaundi moja tu inayojulikana, tuchukulie ni atomu moja kwa moja, kwa sababu hiyo ndiyo njia rahisi. Wakati huo maji ndiyo kampaundi pekee ya hidrojeni na oksijeni iliyojulikana. Basi, HO. Siwezi kumcheka. Hakuwa na mahali pa kuanzia, akajitengenezea mahali pa kuanzia.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1808 kukatokea mtu mwingine na kipande cha pili cha hii puzo. Joseph Louis Gay-Lussac, Mfaransa ambaye miaka 4 kabla alipanda na puto hadi karibu mita 7,000, juu kuliko kilele cha Kilimanjaro, ili aibe hewa ya huko kwenye chupa na kuipima. Huyo jamaa hakuwa wa kukaa ofisini. Alichogundua kuhusu gesi ni kwamba zikiungana, ujazo wake hufuata namba ndogo zilizonyooka. Ujazo 2 wa hidrojeni ukiungana na ujazo 1 wa oksijeni, unapata ujazo 2 wa mvuke wa maji. Mbili, moja, mbili. Kwa nini vitu visivyoonekana viwe na hesabu safi hivyo?

Aliyejibu alikuwa Muitaliano aliyesomea sheria. Amedeo Avogadro wa Turin, mtoto wa ukoo wa kikabaila, aliacha mambo ya mahakama akaenda kufundisha fizikia kwenye mji mdogo wa Vercelli. Mwaka wa 1811 akachapisha makala yenye dai moja: ukichukua ujazo sawa wa gesi mbili zozote, kwenye joto moja na shinikizo moja, zina idadi sawa ya molekuli.

Usipite haraka hapo, kwa sababu hilo dai linasikika kama uongo. Chukua gorogoro ya mahindi na gorogoro ya ndengu. Ujazo ni sawa. Punje ni sawa? Wapi! Ndengu ni ndogo, zinaingia nyingi zaidi. Kila mtu aliyewahi kutumwa dukani anajua hivyo. Sasa huyu wakili anakuambia kwamba kwenye gesi haijalishi, molekuli kubwa au ndogo, gorogoro moja ina idadi moja. Inawezekana kwa sababu gesi haijajaa kama mahindi kwenye mkebe. Molekuli zake zimetawanyika, nafasi tupu kati yake ni kubwa sana kuliko zenyewe. Ni kama uwanja wa Kasarani ukiwa na watu 20 wanaokimbia huku na huku: hata ukibadilisha watoto uweke watu wazima, uwanja haujai zaidi.

Avogadro akaenda hatua nyingine. Kama ujazo 1 wa oksijeni unatoa ujazo 2 wa mvuke, na idadi ni sawa kwa sawa, basi kila kipande cha oksijeni lazima kimegawanyika katikati, nusu ikaenda kwa molekuli hii ya maji na nusu kwa ile. Atomu haigawanyiki. Kwa hivyo oksijeni haitembei peke yake, inatembea wawili wawili. O₂. Hidrojeni pia. Na maji yanakuwa H₂O, oksijeni inakuwa 16, mduara umekatika. Mwaka wa 1811! Kila kitu ulichohitaji kufanya lile swali la gramu 0.44 kilikuwa tayari mezani.

Na hakuna aliyekichukua.

Dalton hakukubali hata vipimo vya Gay-Lussac. Alisema si sahihi. Na kule Sweden kulikuwa na Jöns Jacob Berzelius, mkubwa wa kemia ya wakati ule, ndiye aliyetuletea hizi herufi H, O, C tunazoandika. Berzelius aliamini atomu zinashikana kwa umeme, chanya inavuta hasi. Sasa atomu mbili za oksijeni, zote za aina moja, zitashikanaje? Zinapaswa kusukumana. Kwa Berzelius O₂ ilikuwa kama kujaribu kubandika sumaku mbili upande mmoja. Nadharia yake ilifanya kazi vizuri kwa chumvi na asidi nyingi, kwa hivyo watu walimwamini, na mtu wa Vercelli akasahaulika.

Kuna waliojaribu. Mfaransa Jean-Baptiste Dumas, kuanzia 1826, alipima mivuke ya vitu vilivyoyeyushwa kwa joto kali akitumia wazo la ujazo sawa. Zebaki ikampa uzito nusu ya uliotarajiwa. Fosforasi mara mbili. Salfa mara tatu. Leo tunajua sababu: mvuke wa zebaki ni atomu mojamoja, fosforasi inatembea nne nne, na salfa kwenye joto lile inatembea kwa makundi ya kama sita. Dumas hakujua. Aliona namba zimechizi, akachoka, na kufikia 1836 alikuwa anawaambia wanafunzi wake kwamba ingekuwa amri yake angelifuta neno atomu kwenye sayansi. Mtu mzima, mkemia mkubwa wa Paris, amekata tamaa na kemia. Wewe ukikata tamaa Ijumaa mchana baada ya chakula cha shule, uko na kampuni nzuri.

Matokeo yake yalikuwa fujo ya miaka mingi. Maabara moja inaandika kaboni ni 6, nyingine 12. Moja oksijeni 8, nyingine 16. Kila mtu na fomula zake. Mwaka wa 1861, Mjerumani August Kekulé alikusanya kwenye kitabu chake fomula ambazo watu walikuwa wakitumia kwa asidi ya siki, ile inayofanya siki iwe chachu. Zilikuwa 19. Kitu kimoja, cha kuweka kwenye saladi, fomula 19. Sasa fikiria wewe ni mwanafunzi miaka ile, mwalimu wako anatumia ya 7 na msahihishaji anatumia ya 12.

Aliyeokoa jahazi ni mtu ninayempenda kuliko wote kwenye hii stori, Stanislao Cannizzaro. Alizaliwa Palermo, Sicily, 1826. Mwaka wa 1848 Sicily ikaasi dhidi ya mfalme, na Cannizzaro, kijana wa miaka 21, akaingia upande wa waasi kama ofisa wa mizinga. Uasi ukashindwa. Akahukumiwa kifo, akatoroka kwa meli hadi Marseille, kisha Paris, na huko uhamishoni akarudia kemia. Baadaye akapata kazi ya kufundisha chuoni Genoa. Na hapo, 1858, alichapisha kijitabu kinachoeleza jinsi anavyowafundisha wanafunzi wake. Hakikuwa uvumbuzi mpya wa maabara. Zilikuwa noti za somo. Mwalimu alitaka darasa lake lielewe uzito wa atomu unatoka wapi, akarudi kwa Avogadro, aliyekuwa amefariki miaka 2 kabla, akalifuata wazo lake bila kurukaruka.

Njia yake ni hii. Chukua ujazo mmoja uliopangwa, ule ambao hidrojeni ikiujaza ina uzito wa 2. Mbili, kwa sababu molekuli ya hidrojeni ni atomu mbili. Jaza ujazo huohuo na gesi nyingine, pima. Huo ndio uzito wa molekuli yake. Sasa tafuta ndani ya huo uzito ni kiasi gani ni kaboni. Gesi ya kinamasi, yaani methani, ina uzito wa 16, na kaboni ndani yake ni 12. Kaboni monoksidi: 28, kaboni 12. Kaboni dioksidi: 44, kaboni 12. Ethilini: 28, kaboni 24. Mvuke wa etha: 74, kaboni 48.

Kaa karibu na kibanda cha mandazi asubuhi. Watu wanalipa bob 10, 20, 10, 40, 20. Hakuna hata mmoja aliyelipa 5. Bila kumuuliza mama wa mandazi chochote, unajua mandazi moja ni bob 10. Cannizzaro alikaa karibu na kibanda cha kaboni: 12, 12, 12, 24, 48, hakuna aliyelipa 6. Atomu ya kaboni ni 12. Akafanya hivyohivyo kwa elementi nyingine, na akaeleza hata ile zebaki iliyomchanganya Dumas. Hakuna haja ya kujua fomula kwanza. Fomula inatoka yenyewe.

Lakini hata hicho kijitabu kingeweza kupotea. Septemba 1860, Kekulé na wenzake waliita mkutano Karlsruhe, Ujerumani, siku tatu, wakemia zaidi ya 120 kutoka nchi nyingi za Ulaya, waje wakubaliane atomu ni nini, molekuli ni nini, namba gani zitumike. Cannizzaro akasimama akatetea hoja yake. Watu wakabishana, wakala, wakafunga mkutano bila kukubaliana. Mwishoni rafiki yake Angelo Pavesi akagawa nakala za kile kijitabu kwa waliokuwa wakiondoka. Mmoja aliyechukua ni Mjerumani Lothar Meyer. Akaisoma, akairudia, na baadaye akaandika kwamba mashaka yake yaliyeyuka. Mwingine aliyekuwa pale Karlsruhe ni kijana Mrusi wa miaka 26, Dmitri Mendeleev. Alirudi kwao na namba mpya, na 1869 akazipanga hizo elementi kwa uzito, likatokea jedwali. Lile jedwali la ukutani maabara. Bila noti za mwalimu wa Genoa hakuna cha kupanga, kwa sababu kaboni ya 6 na oksijeni ya 8 zisingekaa mahali pake.

Sasa rudi kwa ile 44. Ulichofanya kwenye lile swali ni hesabu ya Cannizzaro. Sentimita za ujazo 24,000 ni dai la Avogadro lililovaa nguo za KCSE: gesi zote, nafasi sawa, idadi sawa. Hidrojeni ikijaza hiyo nafasi ina uzito wa gramu 2. Gesi yako ikijaza hiyo nafasi ina gramu 44. Kwa hivyo molekuli moja yake ni nzito mara 22 kuliko molekuli ya hidrojeni. Umepima molekuli bila kuiona, kwa mizani ya kawaida na silinda ya kioo. Jina la gesi bado hujui, kwa sababu kaboni dioksidi ni 44, propani ni 44, na ile gesi ya kucheka ya madaktari wa meno pia ni 44.

Na hizi namba zinaingia mpaka jikoni. Hewa tunayovuta, kwa wastani, ni kama 29. Gesi ya mtungi wa kupikia ni mchanganyiko wa propani, 44, na butani, 58. Zote nzito kuliko hewa. Ndiyo maana mtungi ukivuja, gesi haipandi juu na kutoka kwa dirisha. Inatambaa sakafuni na kujikusanya chini, inangoja mtu awashe kitu. Kaboni monoksidi ya jiko la makaa ni 28, karibu sawa na hewa. Haishuki, haipandi, inachanganyika tu na chumba chote, na haina harufu. Watu wamelala na jiko ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, na hawakuamka. Mtu aliyeelewa uzito wa moli anaweza kumweleza mathee kwa nini kuweka jiko sakafuni au juu ya meza hakusaidii, na kwa nini lazima dirisha lifunguliwe.

Kitu kingine mtu asikudanganye. Angalia stori yote mpaka hapa, ni wapi tumehitaji ile namba ndefu, 6.02 × 10²³? Hakuna mahali. Avogadro hakuihesabu maishani mwake. Cannizzaro alipata uzito wa molekuli zake bila kuijua. Mendeleev akapanga jedwali bila kuihitaji. Makadirio ya kwanza ya ukubwa wa molekuli za hewa yalikuja 1865, kutoka kwa Johann Josef Loschmidt wa Austria. Hata neno lenyewe "Mol" lililetwa miaka ya 1890 na Wilhelm Ostwald, mkemia ambaye, shika hii, wakati huo hakuamini atomu zipo. Kwake moli ilikuwa kiasi cha gramu tu, kitu cha kupima kwa mizani. Alikubali atomu karibu 1909.

Kilichobadilisha mambo ni kazi kama ya Mfaransa Jean Perrin. Yeye alichukua utomvu wa manjano uliotumika kama rangi, akautengeneza kuwa chembe ndogo sana, akaziacha zielee kwenye maji, akakaa na hadubini akizihesabu. Chini zilikuwa nyingi, juu zikapungua, kama hewa inavyopungua ukipanda Mlima Kenya. Kutokana na jinsi zilivyopungua akahesabu moli moja ina molekuli ngapi, akapata karibu 7 × 10²³. Akajaribu njia nyingine tofauti kabisa, majibu yakakaribiana. Mwaka wa 1909 akapendekeza hiyo namba iitwe kwa jina la Avogadro, karibu miaka 100 baada ya makala ya Vercelli.

Sasa angalia vile tunavyofundishwa. Siku ya kwanza ya mada, kabla ya kitu chochote, 6.02 × 10²³ inaandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Namba iliyokuja mwisho inawekwa mwanzo. Mtoto anaogopa sifuri zote hizo, anadhani hiyo ndiyo moli, na ile sehemu rahisi, ya mandazi, inapotea kabisa. Halafu anaanza kukariri pembetatu ya fomula, anaifunika kwa kidole, anapata maksi mbili au hapati. Na akikosa mara tatu nne anaanza kuamini akili yake haijatengenezwa kwa hii kitu. Kuna watu walitaka uuguzi, famasia, udaktari, uhandisi wa kemikali, na mlango wao ulifungwa na mada moja ya muhula mmoja waliyofunzwa kinyumenyume. Hilo linaniudhi kuliko matokeo yoyote ya mtihani.

Mimi ningeanza na uwiano. Gorogoro, mandazi, hidrojeni ni 2, gesi yangu ni 44, tumemaliza. Wiki nzima bila ile namba. Wakishazoea kulinganisha uzito wa vikundi vyenye idadi sawa, ndipo ningeuliza: na je, kikundi kina wangapi? Hapo 6.02 × 10²³ inakuwa jibu la swali ambalo darasa lenyewe limeuliza. Walimu mnaosoma hapa, najua silabasi ni ndefu na muda hautoshi. Lakini muda mnaotumia kurudia fomula ya pembetatu mara kumi ungetosha hii.

Stori haijaisha hata sasa, na hii sehemu ni ya wale mnaopenda kubishana na walimu. Kuanzia 1971 maana rasmi ya moli ilikuwa idadi ya atomu zilizomo ndani ya gramu 12 za kaboni-12. Baadaye wanasayansi wakatengeneza mpira wa silikoni wa karibu kilo moja, ukang'arishwa hadi ukawa kati ya vitu vya mviringo kamili zaidi vilivyowahi kutengenezwa, wakahesabu atomu zake kwa kupima nafasi kati yake ndani ya fuwele. Novemba 2018 mataifa yakapiga kura Versailles, na tangu tarehe 20 Mei 2019 moli ni idadi iliyowekwa kwa amri: 6.02214076 × 10²³, kamili, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Kwa hivyo ile 12 ya kaboni imepoteza kiti. Zamani moli moja ya kaboni-12 ilikuwa gramu 12 kwa sababu tulisema hivyo. Sasa ni gramu 12 kwa sababu tumepima, na kipimo hakikosi pengo dogo. Tofauti yoyote iko baada ya tarakimu ya nane huko. Ukiandika 12 kwenye karatasi ya mtihani hakuna atakayekukata maksi.